Karata ya Turubai

6 Januari

Kwako Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na cherehani inazunguka bila kunung'unika. Mimi huku sijambo, ila miguu inalalamika kidogo, maana kupiga pasi ni kazi ya kusimama kutwa. Yale mafua yamekwisha. Uliniagiza ninywe maji ya moto, nikanywa mpaka nikakaribia kuwa birika.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaishi kwenye droo pamoja na zipu mbovu, na siku ukiipokea unaongea kama unamwita mtu ng'ambo ya mto. Barua angalau haipigiwi kelele.

Nina la kukuchekesha. Unajua wageni wa hoteli husahau vitu ndani ya mashuka: soksi, miwani, mara moja hata meno ya bandia. Basi mwaka jana mgeni mmoja alisahau pakiti ya karata ndani ya foronya. Msimamizi wetu tunamwita Bi Funguo, kwa sababu unamsikia anakuja kabla hujamwona. Akaiweka kwenye sanduku la vilivyosahauliwa. Mwenye karata hakurudi. Mwisho wa mwaka sanduku likafunguliwa, kila mfanyakazi achague kitu. Wenzangu wakakimbilia miamvuli, mimi nikabaki na karata.

Si za kuchezea, Shangazi. Zinaitwa taroti, na kila moja ina picha yake. Kabla hujaikunja barua hii ukaenda kutangaza korido nzima ya jengo lenu kwamba mpwa wako ameanza uganga, hebu nisikilize. Dada wa mapokezi anazijua, ndiye aliyenifundisha. Kila asubuhi kabla ya chai nazichanganya, nachomoa moja tu, naitazama. Siulizi nini kitatokea. Nauliza, leo niangalie nini? Halafu naiegemeza kwenye kikombe huku nachana nywele, kisha naenda zangu kazini.

Mara ya kwanza nilichomoa kijana anayetembea huku ametazama juu mawinguni, hatua moja mbele yake pana ukingo wa bonde, na kambwa kanamrukia miguuni. Anaitwa Mpumbavu. Nilicheka peke yangu. Baadaye nikawa nimebeba mashuka yamenipita kichwa, sioni ninakokwenda, ile picha ikanijia, nikasimama. Mbele yangu palikuwa na ndoo ya maji ya sabuni. Karata haikujua habari za ndoo. Ila mimi siku ile nilikuwa natazama ninapokanyaga, na kwangu faida ni hiyo.

Jana nikachomoa fundi aliyekaa kwenye benchi lake anagonga sarafu, moja baada ya nyingine, hana haraka na mtu. Nikakukumbuka wewe na matundu yako ya vifungo, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nisalimie korido yote, na Fundi Saa wa mlango wa pili. Bado vifungo vinamdondoka?

Mpwa wako,
Chiriku


19 Januari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mimi mzima. Mgongo uko pale pale ulipouacha. Baba yako hajambo, anakusalimu, anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu anayeandika kurasa zote hizi hana njaa.

Kwa hiyo uliondoka hapa kwenda kupiga pasi, sasa unapiga ramli. Haya. Nimesoma maelezo yako yote kuhusu ndoo. Mtu mzima mwenye macho mawili anahitaji picha ya mbwa ili atazame anapokanyaga? Lakini nimecheka, sikufichi. Mteja aliyekuja kuchukua sketi alinikuta nafuta machozi, akadhani nimefiwa.

Umeuliza vifungo. Ungejua usingeuliza. Wiki iliyopita kilikuwa cha pili kutoka juu, juzi cha mkono wa kushoto. Uzi naushona maradufu, naupaka nta, nauzungusha chini ya kifungo mpaka ufanye shingo, kama nilivyokufundisha. Maisha yangu yote nimejisifu kwamba kifungo nilichoshona mimi kitabaki hata shati likishakuwa tambara la kufutia vumbi. Sasa mzee huyu anakuja na shati lile lile, anasimama mlangoni, anasema, "Fundi, samahani, kimedondoka tena." Kifungo chenyewe kimepotea, namtafutia kingine kwenye kopo. Shati lake sasa lina vifungo vya kila ukoo. Na anasema kwa upole, hapo ndipo panapouma. Angefoka ningepata la kumjibu.

Nikimshonea anakaa kwenye kigoda cha wateja ananisimulia saa aliyoifungua siku hiyo, nani aliivaa akioshea vyombo, nani aliiangusha kwenye supu. Mazungumzo yake ni mazuri, sikatai. Lakini akishaondoka naitazama mikono yangu.

Sasa, kuna jambo. Sikwambii ni jambo gani. Hebu nichomolee karata moja kwa ajili yangu, uniandikie imesemaje. Na baba yako asijue kama nimekuomba, nitakosa pa kuficha uso.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hali yangu nzuri, hali ya hewa mbaya. Mashuka hayakauki, Bi Funguo anatutazama kana kwamba sisi ndio tunaoileta mvua. Wewe je, mgongo? Na usinijibu kwamba uko pale pale.

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Wewe, uliyenifokea nilipookota sarafu njia panda, leo unaagiza karata. Lakini sitakuchomolea. Si kiburi. Karata ya asubuhi haichomolewi kwa niaba ya mtu, kama vile mtu hawezi kwenda kunyolewa kwa niaba yako. Jambo ni lako, macho yawe yako.

Dada wa mapokezi anasema picha yoyote unayoielewa inafaa. Wewe huna habari na wafalme na panga za kwenye karata zangu. Unajua vitambaa. Lile gunia la vipande lililo chini ya meza yako lipo tangu sijazaliwa. Kata kadibodi, bandika kipande cha kitambaa kwenye kila moja, kila kitambaa ukipe jina lake. Asubuhi changanya, chomoa moja bila kuangalia, uulize swali fupi. Usirudie mpaka upate unayoitaka, huko ni kujidanganya.

Halafu niulize kidogo tu. Hilo jambo, limevaa shati lenye vifungo vya kila ukoo?

Chiriku wako


20 Februari

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Sote wazima. Mvua ya kwenu imefika mpaka hapa, korido inanuka viatu vilivyolowa.

Nimetengeneza. Nilisema najaribu mbili tatu tu, nikajikuta nimekata kadibodi ya maboksi ya nyuzi jioni nzima, chakula kikaungua. Zinakaa kwenye bati la biskuti. Kaki ni Kazi, maana sare zote za mtaa huu zimepita hapa. Mahameri ni Mgeni wa Heshima. Hariri ni Subira, kwa sababu ukiiharakisha inateleza yote inaishia sakafuni. Bitana ni Kisichoonekana, kile ambacho hakuna anayekisifu lakini bila hicho koti halikai. Kipande cha gunia ni Mteja wa Kesho, yule anayesema kesho nitakuja kuichukua, na wewe unamjua. Turubai nimeikata kwenye pembe ya lile la zamani linalokinga jua mlangoni pangu. Nimeiita Mlango Uliofungwa. Karata ya Kifungo sikutengeneza. Sitaki kukumbushwa.

Sasa nikwambie jambo lenyewe, maana umeshalinusa.

Fundi Saa alikuja jioni moja. Hakuja kwa kifungo, vifungo vyote vilikuwepo, nilivitazama. Akasimama wima kama mtu anayepimwa suruali. Akasema, "Mwenye jengo anakitaka chumba changu mwisho wa Aprili. Binti yangu ananiita nikaishi kwake. Naweza kwenda. Lakini ukiniambia nibaki nitabaki, na si kama jirani." Halafu akaangalia saa yake, kana kwamba amechelewa mahali, akaondoka. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, hata kuguna sikuweza.

Nimeshona magauni ya harusi ya watoto wa watu, na sasa nashona ya watoto wa watoto hao. Kinyozi hajinyoi. Nilikulea wewe mama yako alipotangulia, nikashona, siku zikaenda, na sikuwahi kukaa nikajihurumia. Sasa kwa umri huu mtu anakuja kuniuliza nibaki au niende, kama vile mimi ndiye kituo cha basi.

Nikaona hapo ndipo karata zitafaa. Asubuhi ya kwanza nikatia mkono ndani ya bati bila kuangalia, nikauliza, nimwambie abaki? Turubai. Asubuhi ya pili, turubai. Ya tatu nikakoroga bati mpaka karata zikalia, nikatia mkono. Turubai.

Basi zimesema. Mlango umefungwa. Nitamwambia aende salama, nitamshonea na begi la vifaa vyake. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Shangazi yako


5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naruka salamu, utanisamehe. Mimi mzima, nakuombea uzima, na tafadhali usimwambie mtu yeyote aende popote.

Unakumbuka ule mchezo wetu wakati umeme umekatika? Ulikuwa unajifunga macho kwa leso, mimi na watoto wa jirani tunakupa vipande vya vitambaa kimoja kimoja, na wewe unataja. Hii pamba, hii pamba iliyochanganywa, hii sufu ya bei rahisi. Ulitaja hata duka kilikonunuliwa. Hatukuwahi kukushinda. Tulijaribu kukudanganya kwa kulowesha, ukasema, hii ni satini, na nani amemwaga maji yangu?

Sasa mtu kama huyo anatia mkono kwenye bati la vitambaa eti anachomoa bila kujua. Shangazi, turubai ni ngumu kama ganda. Vidole vyako viliijua kabla swali halijaisha. Mara tatu. Mimi naona karata hazijasema kitu. Wewe ndiye uliyesema, na mkono ukakutii.

Kosa ni langu, nilikwambia usiangalie, nikasahau kwamba wewe huangalii kwa macho.

Kwa hiyo nakuuliza, na unaweza kunikasirikia kwa posta. Kwa nini mkono wako unatafuta mlango uliofungwa? Unaogopa nini? Ni mtu mwema. Nilipokuwa mdogo alinifungulia saa mbovu ili nione magurudumu yanavyozunguka, na hakuniambia niondoe mikono.

Chiriku


16 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima.

Nilikukasirikia siku mbili. Ya tatu nikafumba macho, nikatia mkono ndani ya bati, nikajiambia, leta mahameri. Nikaleta mahameri. Nikajiambia, leta bitana. Nikaleta bitana. Nikalifunga bati nikakaa chini. Waliosema sikio halipiti kichwa hawakukutana na wewe.

Umeuliza ninaogopa nini. Naogopa mikono yangu inakwisha. Kifungo, mwanangu, ndicho kitu cha kwanza anachofundishwa mtu akija kujifunza kushona. Hata kabla ya pindo. Na vyangu havikai shatini tena. Mwaka huu vifungo, mwaka ujao mishono, halafu nini? Mimi bila mikono hii ni nani? Hakuna anayenijua kwa kitu kingine.

Na yule ni mtu wa vitu vinavyokwenda sawasawa. Saa ikipungua kidogo tu anaijua kwa sikio. Nimwambie abaki, akae aniangalie ninavyoharibika polepole, na kila mara aseme "samahani, kimedondoka tena" kwa sauti ile ile ya upole? Heri aende akiwa bado ananikumbuka kama fundi. Nampenda. Nimeandika, sitafuta. Ndiyo maana nataka aende.

Kama ni kuchomoa bila vidole kujua, glovu sina.

Shangazi


27 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya ziada kwa barua yako. Niliisoma chooni kazini ili Bi Funguo asinione nalia. Nimeshaacha sasa.

Sikutumii ushauri. Nakutumia glovu. Ni zile tunazotolea mashuka kwenye mashine ya moto, nene kiasi kwamba siwezi hata kujikuna nikizivaa. Ukitofautisha hariri na gunia kupitia hizo, nitakubali wewe ni mchawi.

Leo asubuhi nilichomoa mzee aliyesimama peke yake juu ya mlima ameshika taa, anaangaza chini anapotaka kukanyaga. Nikajiuliza, niangaze wapi? Kutwa nzima nikipiga pasi nilikuwa nafikiria vifungo. Nina maswali mawili. Vifungo vya wateja wengine vinadondoka? Hukuniambia hata kimoja. Na pili, umeutazama uzi unaobaki kwenye shati? Uzi uliochakaa unaacha manyoya kama mswaki wa zamani. Ulinionyesha wewe mwenyewe, nikiwa hata kichwa hakijafika mezani.

Utazame, kisha uniandikie upesi.

Chiriku wako


25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Safari hii si salamu tu, ninauliza kweli.

Kila nikienda kuangalia barua sikuti kitu. Nimepiga simu, inaita tu humo ndani ya droo. Nimempigia baba, anasema eti uko buheri wa afya, una shughuli, na kwamba ameagizwa asiseme zaidi. Kaagizwa na nani? Baba hajawahi kutunza siri katika maisha yake, nikambana kidogo tu akakata simu.

Leo nimechomoa karata ya mnara unaoungua, watu wanaruka madirishani. Nikairudisha nikachomoa nyingine. Ndiyo, najua nilikukataza.

Mwezi unaisha wiki ijayo. Kama nilikosea kuhusu glovu na uzi, unigombeze lakini uandike. Niambie tu, ameondoka?

Mpwa wako ambaye hali vizuri


9 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima kabisa, mgongo hata sijaukumbuka. Natumaini unakula. Nisamehe kwa ukimya. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu mkononi, na jibu lenyewe nililichelewesha kwa makusudi. Utaelewa. Vuta kiti.

Glovu zilifika. Nilizivaa asubuhi ile ile, nikawa kama mtu anayeenda kubeba nyuki. Nikakoroga bati, nikatia mkono, sikuhisi kitu, ningeweza kuwa nashika mikate. Nikachomoa. Unajua nini? Turubai.

Nikataka kulitupa bati dirishani. Kisha nikakumbuka kwamba swali uliloniandikia mwanzo kabisa halikuwa abaki au aende. Ulisema, leo niangalie nini? Basi nikauangalia mlango. Ninaufunga kila jioni na kuufungua kila asubuhi na sikuwahi kuufikiria. Chiriku, mlango wangu unafungwa kwa ndani. Komeo liko upande wangu. Kama umefungwa, aliyeufunga ni mimi, na hakuna mwingine anayeweza kuufungua. Nilikaa na karata ile mapajani mpaka mteja akaja kuuliza kama tumefungua.

Jioni Fundi Saa akatokea. Shati lile lile. "Fundi, samahani." Kola safari hii. Nikamwambia, kabla sijashona niazime ile lenzi yako ya kuvalia jichoni. Akasita. Mtu asiye na kosa hasiti. Nikaivaa, nikauangaza ule uzi kwa taa ya cherehani kama mzee wako wa mlimani. Manyoya hakuna. Umekatwa, safi, kwa wembe.

Nikamwambia, "Uzi huu umekatwa." Akasema, "Labda panya." Nikamuuliza panya gani huyo anayemiliki wembe. Akatazama viatu vyake. Halafu akaenda chumbani kwake akarudi na kikopo cha dawa ya kikohozi, akakimimina juu ya meza yangu. Vifungo. Vifungo vyangu vyote, Chiriku, vingi bado vina uzi wangu na nta yangu. Nilivijua kimoja kimoja.

Akasema, "Sikuwa na sababu nyingine ya kuja. Siku ya kwanza nilijaribu kukivuta kwa mkono, nikashindwa. Nikajaribu kwa koleo, shati likaanza kuchanika, kifungo kikabaki. Ndipo nikatumia wembe."

Nililia, sikufichi, na nilikuwa nacheka. Mikono yangu ilikuwa mizima muda wote huo. Kisha nikamgombeza, na wewe unajua ninavyogombeza. Nikamwambia alivyonifanya, kwamba miezi yote hiyo nimekuwa nikiitazama mikono hii kama ya mgonjwa asiyepona. Akavua miwani akakaa kwenye kigoda, akawa mdogo kama mtoto. Hakujua. Alidhani nafurahia kupata mteja wa kudumu. Mwanaume anaweza kufungua saa ndogo kama ukucha akaiona hitilafu yake, lakini uso wa mtu ulio mbele yake hausomi.

Kwa hiyo sikumjibu siku ile. Wala iliyofuata. Adhabu ilibidi iwepo. Nilimwambia kila asubuhi aje achomoe karata moja kwenye bati langu aone kama bahati yake ipo. Yeye hata glovu hahitaji, hajui hariri na bitana. Akawa anakuja na chai yake, anachomoa, ananiuliza, "Hii ni nini?" Namwambia, hiyo ni Subira. Kesho yake anachomoa nyingine, ananiuliza. Namwambia, hiyo nayo ni Subira. Ilimchukua muda kugundua kwamba nilikuwa naziita zote hivyo. Baba yako alikuwa anajua kila kitu, ndiye aliyekuwa anamtia moyo kwenye korido.

Siku ya mwisho ya Aprili alikuja na maboksi yake tayari yamefungwa, hakujua anayapeleka wapi. Sikutia mkono kwenye bati. Nilikuwa nimeshashusha turubai zima mlangoni, lile la zamani, nikalikunja nikaliweka kando. Nikamwambia, "Benchi lako litakaa pale dirishani, kwenye mwanga. Na ukikata kifungo kingine, utakishona mwenyewe." Aliangalia saa yake, kama kawaida yake, lakini safari hii hakuondoka.

Sasa chumba kinapiga makelele mchana kutwa, cherehani upande huu, saa zote zile upande ule, na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Anasema ananitengenezea pete. Chanda chema huvikwa pete, lakini changu kimezoea kastabini ya kukinga sindano, itabidi kijifunze upya. Mwombe Bi Funguo likizo ya Juni na usirudi na kisingizio. Hatutafunga ndoa bila wewe. Gauni nashona mwenyewe. Safari hii kinyozi atajinyoa.

Mambo ya karata yako sijayaacha. Kila asubuhi moja, kwa glovu. Jana nilipata Kaki, nikafanya kazi. Leo nimepata Mteja wa Kesho, na kweli kaja, kasema kesho.

Ile karata niliyokataa kuitengeneza nimeitengeneza, imo ndani ya bahasha hii. Ni kipande cha lile shati lake, maana nimemnyang'anya, na kifungo kimoja kutoka kwenye kikopo, nimekishona kwa mkono. Changanya na zako. Siku ukiichomoa, kabla hujauliza chochote, kivute kwa nguvu zako zote.

Shangazi yako

Naongeza mstari mmoja, ameniruhusu. Nimekivuta jana na leo asubuhi. Hakitoki.

Mjomba wako mpya